Cena Amestaafu, Ugomvi Wake Haujastaafu

Mtu anaweza kuniuliza mshahara wangu, uzito wangu, hata sababu ya nywele kuukimbia utosi wangu, nami nitamjibu kwa upole. Lakini akiniuliza kama niko upande wa John Cena, mwanamieleka maarufu wa Marekani, au upande wa wanaomzomea, hapo namwomba aniache nipumzike. Mimi ni mtazamaji wa mieleka wa kawaida kabisa. Ninachotaka ni kuketi, kumwona mtu mwenye misuli akimbwaga mwenzake, kupiga makofi kidogo, kisha kwenda kulala. Haki hiyo ndogo nimenyimwa kwa miaka mingi na watu wawili wa nyumbani kwangu mwenyewe: mjomba wangu, ambaye humzomea Cena hata anapotokea kwenye tangazo la biashara, na shemeji yangu, ambaye hasikii la mwadhini wala la mteka maji pindi Cena anapokosolewa. Nikisema kwamba sina upande, mjomba huniita mwoga na shemeji huniita mnafiki.

Wawili hawa hawakuubuni ugomvi huo. Waliupokea ukiwa umeiva kutoka ukumbini. Yeyote aliyemtazama Cena katika miaka ya umaarufu wake anaijua ile hali: sauti nyembamba za watoto na akina mama zinapaza "Twende Cena!", na kabla mwangwi haujaisha sauti nzito za wanaume zinajibu "Cena hafai!", na mambo huendelea hivyo kwa zamu, kwa mapigo yaleyale, kama kwaya iliyofundishwa na mwalimu mmoja. Hakuna anayemkatiza mwenzake. Maelfu ya watu wasiofahamiana wala kukubaliana husubiriana kwa adabu hadi kila upande umalize sifa yake au tusi lake. Kwangu watu ni wawili tu, na hawajawahi kusubiriana hata siku moja.

Mjomba, kwa kuwa anajiona mtu wa historia, hupenda kuanzia mwanzo, na mwanzo kwake ni tarehe 27 Juni 2002, usiku ambao kijana asiyejulikana aliitikia mwito wa mwanamieleka Kurt Angle, akamzaba kofi, akapigana kiume na hatimaye akashindwa kwa heshima. Baadaye kijana huyo akageuka mghani wa rapu mwenye mdomo mchafu, aliyeingia ulingoni na mnyororo shingoni na kuwatukana wapinzani kwa vina. Alikuwa mwovu, na ukumbi ukampenda kwa uovu wake. WWE, kampuni inayoandaa mieleka hiyo, ilipoona anapendwa ikamfanya mwema, na tarehe 3 Aprili 2005, katika WrestleMania ya 21, onyesho lake kubwa la mwaka, mjini Los Angeles, akamnyang'anya JBL mkanda wa ubingwa. Na hapo, kwa maelezo ya mjomba, ndipo msiba ulipoanza.

"Alipokuwa mbaya alikuwa mzuri," husema mjomba, "na alipokuwa mzuri akaharibika kabisa." Akishasema hivyo hunyamaza na kunikazia macho, kana kwamba ananisubiri nitafute kalamu.

Shemeji hujibu kwamba mtu hawezi kulaumiwa kwa kuwa na tabia njema. Mjomba humjibu kwamba tabia njema ni jambo la kanisani na msikitini, na kwamba ulingoni watu wanataka kuona hasira. Hapo huletwa mwaka 2008, ambapo vipindi vya WWE viliwekwa katika daraja la kutazamwa na familia, damu ikapungua, matusi yakapungua, na Cena akabaki na kaptura zake za jinzi, fulana zenye rangi za kuumiza macho, na ule mkono anaoupunga mbele ya uso kuwaambia wapinzani kwamba hawamwoni. Mjomba anaamini mabadiliko hayo yote yalifanywa ili kumkomoa yeye binafsi.

Ushahidi wake mkubwa ni usiku wa tarehe 11 Juni 2006, katika ukumbi wa Hammerstein Ballroom jijini New York, ambapo Cena alikwenda kuutetea mkanda mbele ya mashabiki wa ECW, kundi la mieleka mikali, waliokuwa na hasira tangu mlangoni. Alivua fulana akawarushia, nao wakamrudishia. Akawarushia tena, wakairudisha tena. Bango moja liliandikwa kwamba Cena akishinda watu watafanya fujo. Hakushinda: mwanamieleka mwingine, Edge, alijitokeza akiwa amejificha ndani ya kofia ya pikipiki, akamwangusha, na mpinzani wake wa usiku huo, Rob Van Dam, akamaliza kazi. Mjomba huusimulia usiku huo kwa sauti ambayo watu wengine huihifadhi kwa ajili ya siku ya ndoa yao. Mimi ninachokikumbuka ni ile fulana. Sijawahi kuona watu wakipewa nguo ya bure na mtu mashuhuri, kisha wakairudisha kwa nguvu kiasi kile, na ninawaheshimu kwa hilo, maana mimi ningeichukua kwanza na kuzomea baadaye.

Lakini ukitaka kuona nyumba ikitikisika, sema kwamba Cena hajui kupigana. Mjomba atainuka, atachukua mto wa kochi, na kuuonyesha mto huo vitendo vyote ambavyo, kwa madai yake, Cena alivirudia katika kila pambano kwa mfuatano uleule: bega la kwanza, bega la pili, kumzungusha mtu na kumlaza chini, kupunga mkono na kumshukia na ngumi, na mwisho kumbeba mabegani na kumtupa. Huvitekeleza kwa ufundi wa kushangaza. Anajua Cena alipumua wapi, alitazama kamera gani, aliirekebisha kofia yake lini. Shemeji, ambaye ndiye anayempenda, huchanganya miaka, huchanganya wapinzani, na kuna siku alimpa Cena ushindi wa pambano ambalo hakushiriki. Ndiyo maana nilianza kushuku kwamba shabiki mwaminifu kuliko wote katika nyumba hii ni yule anayezomea. Mpenzi anaweza kusinzia katikati ya pambano akijua kwamba mtu wake atashinda. Mzomeaji hasinzii kamwe, asije akakosa kitu cha kulalamikia.

Siku moja nilijaribu kuwapatanisha kwa kutumia akili, jambo ambalo sitalirudia. Niliwakumbusha kwamba matokeo ya mieleka hii hupangwa kabla, na kwamba tangu mwaka 1989 kampuni ya Vince McMahon, hiyohiyo ambayo sasa ni WWE, ililiambia waziwazi bunge la jimbo la New Jersey kuwa shughuli yake ni burudani na si mashindano. Kwa hiyo, nikasema kwa upole, haiwezekani kumlaumu Cena kwa kushinda kupita kiasi, na vilevile haiwezekani kumsifu kwa kushinda, kwa kuwa ushindi aliandikiwa na mtu mwingine. Kimya kikatanda. Kisha mjomba na shemeji, ambao hawakuwa wamekubaliana hata juu ya sauti ya televisheni, walinigeukia kwa pamoja na kuniambia kwamba watu wasiojua mieleka wakae kimya. Waliungana hadi wakati wa chakula.

Nao mwaka 2014 haukuleta nafuu. Mnamo Agosti mwaka huo, katika SummerSlam, onyesho jingine kubwa la WWE, mwanamieleka Brock Lesnar alimkamata Cena kiunoni na kumtupa kwa nyuma mara 16 katika pambano moja, kipigo ambacho bingwa kama yeye hupata kwa nadra. Nilidhani mjomba atafurahi. Badala yake alikunja uso na kusema kwamba kipigo hicho kimechelewa, tena kimezidi, na kwamba Lesnar angepaswa kuacha kidogo kwa ajili ya wengine.

Shemeji ana silaha moja anayoitoa akizidiwa, nayo ni watoto wagonjwa. Kupitia shirika la Make-A-Wish, Cena ametimiza matakwa zaidi ya 650 ya watoto wenye maradhi mazito, rekodi iliyotambuliwa na Guinness mwaka 2022. Ni jambo kubwa, na hata mjomba hulivulia kofia. Hata hivyo naona kulileta katikati ya ubishi kuhusu namna mtu anavyorusha bega ni kucheza rafu, kwa sababu baada ya hapo kila anayesema kwamba Cena hajui kuruka anaonekana kama adui wa watoto. Hapo ninampa mjomba haki yake, ingawa nimempa kimyakimya, ndani ya nafsi, ambako shemeji hasikii.

Kisha ukafika mwaka 2025, ambao ungepaswa kumaliza kila kitu. Cena alikuwa ametangaza mwaka mmoja kabla kwamba anakaribia kustaafu, watu wakaanza kumwaga machozi ya mapema, na tarehe 1 Machi mjini Toronto, baada ya nguli wa mieleka The Rock kutoa ishara, akamkumbatia mwanamieleka mwenzake Cody Rhodes na papo hapo akampiga sehemu ambazo mwanamume hapendi kupigwa. Akawa mwovu! Jambo ambalo wazomeaji walilidai kwa takriban miaka 20 lilitolewa mbele yao, bila masharti. Nilimtazama mjomba nikitarajia sherehe. "Sasa ndiyo nini?" akauliza. "Mzee mzima huyu, leo ndiyo anajifunza ubaya?" Shemeji naye aliingia chumbani, akatoka na nadharia kwamba ni mtego wa makusudi na kwamba moyoni Cena bado ni yuleyule. Ilipofika tarehe 20 Aprili huko Las Vegas, Cena akatwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya 17 na kuivuka rekodi ya Ric Flair ya mara 16, lakini kwa hila tupu, na shemeji alibaki ameinua mikono nusu, hajui kama ni ya kushangilia au ya kujifunika uso. Kufikia Agosti Cena alikuwa mwema tena, na wote wawili wakasema kwamba walijua.

Mwisho wake ulikuwa tarehe 13 Desemba 2025 jijini Washington. Mpinzani wake, Gunther, alimtia kabali, akamtia tena, na mtu ambaye kwa miaka yote aliuza fulana zinazoagiza watu wasikate tamaa akatabasamu, akapigapiga kiganja na kusalimu amri. Ukumbi ulizomea, safari hii ukiuzomea uongozi uliopanga mambo yaishe hivyo. Nyumbani kwangu kulitokea kitu cha ajabu zaidi. Mjomba ndiye aliyeruka kutoka kochini akifoka kwamba ameibiwa, kwamba hakusubiri miaka yote hiyo kumwona Cena akishindwa ili mtu mwenyewe aje ajisalimishe akitabasamu, na kwamba Cena wa kweli asingekubali. Shemeji ndiye aliyeketi kwa utulivu akieleza kwamba mwanamieleka anayeondoka humwachia ushindi anayebaki, na kwamba ndiyo desturi ya kazi. Walikuwa wamebadilishana viti bila kujua, na nilipothubutu kuwaambia hivyo, kila mmoja alikana kwa maneno ambayo mwenzake alikuwa akiyatumia tangu mwaka 2005.

Sasa wamekubaliana jambo moja. Watatazama mapambano yote makubwa ya Cena upya, kwa mpangilio, kuanzia usiku ule wa Kurt Angle, wakisimamisha picha kila penye utata ili suala liamuliwe mara moja. Rimoti atashika mjomba. Mimi, kwa kuwa sina upande, nimeteuliwa kuwa refa, na sote watatu tumetazama mieleka muda wa kutosha kujua yanayompata refa.