Hosteli ya watoto wa Obunga ipimwe Desemba

Shule ya hisani yenye hosteli, ukiitembelea mwezi wa Machi, utaipenda. Sare safi, sufuria la nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, linachemka jikoni, darasa la nne wanasoma kwa sauti moja. Wageni wengi huja Machi, au Julai wakiwa likizoni kutoka Ulaya. Mimi huwashauri waende wiki ya pili ya Desemba, shule zote zikiwa zimefungwa, wahesabu watoto waliobaki bwenini. Hesabu hiyo ndiyo itakayowaambia kama wanafadhili hosteli au kitu kingine.

Nimekaa miaka kadhaa katika kamati ya shule ndogo ya aina hiyo hapa Kisumu, inayopokea watoto wa mitaa ya mabanda ya Obunga, Manyatta na Nyalenda. Kila mfadhili akitokea na fedha, mjadala unaanza upya: tujenge bweni, au tupanue shule ya kutwa? Wanaobishana ni watu wenye nia njema pande zote mbili. Na kwa muda mrefu mimi nilikuwa upande wa bweni.

Sababu zake si za kubeza. Chukua jioni ya msichana wa miaka kumi na moja pale Obunga, ambaye mama yake anakaanga mgongo wazi, yale mafupa ya mbuta, au sangara, yanayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa. Biashara yenyewe inachangamka jioni, watu wakitoka kazini. Kwa hiyo saa ambayo mwenzake wa Milimani, mtaa wa wenye nazo, anafungua daftari, yeye anachochea moto, anahesabu chenji, anambembeleza mdogo wake mgongoni. Nyumba ni chumba cha futi kumi kwa kumi, pazia katikati, taa moja. Ukienda Nyalenda masika, mto Auji ukivunja kingo, daftari lenyewe linaweza kuamka likielea. Halafu kuna mambo yasiyosemwa kwenye mkutano wa wazazi: chang'aa ya jirani, mjomba aliyekuja kukaa kwa wiki moja, njia ya giza kwenda chooni. Mtoto akilala shuleni, yote hayo yanakatika usiku mmoja.

Utafiti nao upo. Huko Uasin Gishu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa nje walifuatilia kwa miaka watoto mayatima na waliotengana na wazazi, wengine wakiwa kwenye makao ya watoto, wengine kwa jamaa. Waliona kuwa watoto wa makao walipata chakula, mavazi na malazi kwa uhakika zaidi kuliko wengi waliokuwa majumbani. Anayesema kila makao ni jela ya watoto, aanze kwa kulijibu hilo. Blanketi ni blanketi, na mtoto aliyelala bila blanketi hatakusikiliza ukimweleza uzuri wa kulelewa na jamaa.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulipitisha mwongozo wa malezi mbadala ya watoto, na kifungu kimoja kinasema wazi kwamba umaskini peke yake hauwezi kuwa sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Kenya ilifuata njia hiyo: Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya hisani, kisha mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kutoka makao kwenda kwenye familia na jamii. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo ikaja.

Hapa ndipo maneno yanapoanza kucheza. Makao ya watoto yako chini ya idara ya watoto. Hosteli ya shule iko chini ya wizara ya elimu. Mlango wa makao ulipofungwa, mlango wa hosteli ulibaki wazi, na si vigumu kuona ni nini kinaweza kupita hapo. Jengo lile lile, vitanda vile vile, watoto wale wale wasio na pa kwenda Krismasi, ila bango la getini limeandikwa "shule". Sisemi kila mmoja anafanya hila. Wengi wanaamini kweli kwamba wao ni shule tu. Lakini shule hufunga. Mtoto wa shule ya bweni, hata awe maskini namna gani, ana mtu anayemngoja kituoni. Asiyekuwa naye analelewa na wewe, na lazima ujibu kama mlezi: faili lake liko wapi, afisa wa watoto anamjua, nani anatafuta jamaa zake?

Kuna jambo jingine nililochelewa kuliona, nalo ni namna kitanda kinavyoibadilisha familia hata kabla mtoto hajakilalia. Mtaa ukishajua kwamba nafasi za hosteli ni za mayatima, mayatima huongezeka. Nyanya mwenye wajukuu watatu anajifunza kusema baba hajulikani aliko, ingawa baba yuko Kibuye anauza mitumba na hutuma unga akipata. Simlaumu nyanya hata kidogo. Sisi ndio tuliotangaza kwamba msaada unapatikana kwa njia hiyo. Ila mtoto amesimama pale akisikiliza baba yake akifutwa, na fomu inajazwa kwa kalamu ya wino. Wadogo zake wawili wanabaki kwenye kile chumba cha kumi kwa kumi. Yeye akirudi Aprili ana viatu, wao hawana. Na zamu yake ya kuteka maji imehamia kwa anayemfuata.

Halafu fedha. Mtoto wa hosteli hula milo 21 kwa wiki. Wa kutwa hula mitano ya mchana. Kwa chakula peke yake, kitanda kimoja kinakula sahani za watoto wanne, na hujalipa matroni, mlinzi wa usiku, maji, wala godoro linalochakaa. Linganisha na shule ya umma: mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa msingi ni Sh1,420 kwa mwaka, ambao ukiugawa kwa siku zipatazo 190 za masomo unapata shilingi saba na ushei kwa siku. Andazi ni kumi. Kwa hiyo mlo wa mchana, ambao ndio unaomvuta mtoto wa Obunga darasani, unahitaji mtu wa kuulipa, na huyo mtu hapatikani kirahisi. Kitanda kina picha, kina jina la mtoto, kina barua ya shukrani. Sahani ya nyoyo haina jina. Na aliyekubali kumlipia mtoto kitanda akiwa darasa la kwanza amekubali miaka kumi na miwili hadi mwisho wa sekondari. Wangapi hufika huko?

Usalama ndio ulionitoa kabisa upande wangu wa zamani. Septemba 2024 moto ulipoua wavulana 21 katika bweni la Endarasha, Nyeri, wizara ilikagua mabweni na Novemba ikaamuru sehemu za bweni zifungwe katika shule 348 za msingi. Mwongozo wa usalama wa 2008 ulikuwa umeyasema siku nyingi: milango ifunguke kwa nje, vitanda viachane kwa mita 1.2, madirisha yasiwe na vyuma. Hilo la mwisho lisome ukiwa Manyatta. Nyumba nyingi za kupanga hapa zina vyuma madirishani, kwa sababu ya wezi, na hosteli nyingi za hisani huanzia kwenye nyumba ya kupanga. Ukitoa vyuma unahitaji ukuta na mlinzi. Ukiviacha umewafungia watoto ndani. Ongeza malaria ya ukanda huu wa ziwa, mtoto mwenye selimundu ambaye hapaswi kuoga maji baridi, mwingine mwenye dawa za kila siku ambazo hataki mwenzake azione. Matroni mmoja hawezi yote hayo, hata awe malaika.

Kwa hiyo naegemea wapi? Mlo wa mchana kwa wote, madarasa yabaki wazi jioni wasome prepu, yaani wadurusu wenyewe baada ya masomo, na mama akipungukiwa kodi asaidiwe kodi, ndiyo nafuu kuliko kumchukua mtoto wake. Lakini mpango huu una tundu, na wenzangu wa bweni hawachoki kunionyesha. Prepu ikiisha saa mbili usiku, nani anamrudisha msichana Obunga? Tulijaribu wazazi kwa zamu. Ilidumu majuma machache, maana saa mbili ndiyo saa ya mauzo. Sasa prepu inaisha saa kumi na mbili, na tumebaki na nusu ya tulichokitaka.

Vitanda vichache tumeviacha. Kila kimoja kina karatasi: sababu ya mtoto kuwa pale, jamaa atakayempokea, tarehe ya kujaribu kumrudisha. Wengi wamejaziwa. Kwa wachache mstari wa jamaa uko mtupu, na hao tumewapeleka wenyewe kwa afisa wa watoto, jambo ambalo wajumbe wawili wa kamati walilipinga wakihofia tutafungiwa.

Hatukufungiwa. Ila shule ilipofunga Desemba iliyopita, matroni wetu hakwenda kwao Siaya.