Nikopolidis, kipa aliyechanua wengine wanapostaafu

Kila dirisha la usajili likifunguliwa nasikia wimbo ule ule: kipa fulani ana miaka 32, kaisha, aachwe aletwe kijana. Mtu akiniletea hoja hiyo namtajia Antonis Nikopolidis, kipa wa Ugiriki.

Bwana huyu mwenye mvi, aliyefananishwa na George Clooney mpaka jina likamganda, alizaliwa Arta mwaka 1971 na akajiunga na Panathinaikos ya Athens mwaka 1989. Sehemu kubwa ya miaka ya tisini alisugua benchi, kwa sababu lango lilikuwa la Mpoland Józef Wandzik. Mwaka 1996 Panathinaikos walipofika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa na kuwafunga Ajax 1-0 kule kule Amsterdam, aliyekaa golini ni Wandzik. Nikopolidis alianza kuichezea timu ya taifa mwaka 1999, akiwa na miaka 28. Kwa haraka zetu za mashabiki, angekuwa ameshaitwa mzigo.

Msimu wa 2003/04 ndio unaonivutia zaidi. Mkataba wake ulikuwa unaisha, mazungumzo ya kuuongeza yakakwama, naye akarudishwa benchi. Namba akapewa Kostas Chalkias. Panathinaikos wakabeba ligi na kombe, kwa hiyo aliyefanya uamuzi ule alilala usingizi mzuri. Ila kocha wa taifa, Mjerumani Otto Rehhagel, hakuyajali hayo. Alikwenda Ureno kwenye Euro 2004 na Nikopolidis akiwa kipa namba moja na Chalkias akiwa msaidizi. Fikiria mazoezi ya makipa wa kikosi kile: aliyenyang'anywa namba na aliyepewa, wanavaa glavu pamoja kila asubuhi, na safari hii meza imegeuka.

Wapo wanaosema hadi leo kwamba Ugiriki walibahatisha kutwaa Euro 2004. Bahati gani hiyo? Katika kufuzu walipoteza mechi mbili za mwanzo, 2-0 kwa Hispania na 2-0 kwa Ukraine, kisha wakashinda sita mfululizo bila kuruhusu bao hata moja. Kule Ureno walifungwa manne kwenye makundi, likiwemo bao la kwanza la Cristiano Ronaldo katika timu ya taifa, kichwa cha dakika za majeruhi kwenye mechi ya ufunguzi. Mchujo ulipoanza, mlango ukafungwa. Ufaransa ya Zidane na Henry, 1-0. Jamhuri ya Czech, 1-0. Wenyeji Ureno kwenye fainali ya Julai 4, 1-0, kichwa cha Charisteas dakika ya 57. Najua mabeki ndio walibeba kazi kubwa, Dellas hasa. Lakini ukuta ule ulihitaji mtu asiyetetemeka nyuma yake, na Nikopolidis, akiwa na miaka 33 na miezi ya benchi mwilini, hakutetemeka.

Baada ya hapo akaenda Olympiacos. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Juma Kaseja amevaa jezi za Simba na za Yanga, anajua. Miaka 15 ya kijani cha Panathinaikos, halafu unahamia kwa watani wa jadi wa Piraeus! Akabeba nao ubingwa wa ligi mara sita, wa mwisho mwaka 2011, mwaka aliostaafu akiwa na miaka 40.

Sisemi alikuwa malaika. Euro 2008 dhidi ya Urusi alitoka golini akikimbilia mpira uliokuwa unaelekea nje, Semak akaurudisha kati na Zyryanov akatumbukiza kwenye lango tupu. Ugiriki wakapoteza mechi zote tatu, naye akaaga timu ya taifa na mechi zake 90. Wengi wangeishia hapo. Mei 2009 fainali ya Kombe la Ugiriki dhidi ya AEK iliisha 4-4, ikaamuliwa kwa penalti, 15-14. Kipa wa miaka 38 alipiga yake akafunga, na akaokoa pia.

Ukiniuliza kipa bora wa Euro 2004, nitakutajia yeye, na najua utaniambia Petr Čech wa Jamhuri ya Czech. UEFA waliwaweka wote wawili kwenye kikosi bora cha mashindano. Kwa kipaji Čech alimzidi, sibishi. Lakini walikutana Porto kwenye nusu fainali. Milan Baroš, aliyekuwa amefunga katika kila mechi aliyopangwa tangu ianze safari yao na akamaliza mfungaji bora, siku hiyo hakupata kitu. Rosický aligonga mwamba mapema, hiyo nakubali ilikuwa bahati. Dellas alipopiga kile kichwa mwishoni mwa kipindi cha kwanza cha nyongeza, aliyeokota mpira wavuni alikuwa Čech.