Hawakunionyesha Punje

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, huku Mtwara Vijijini. Kazi yangu ni kumwaga gunia la mtu kwenye turubai, kutia mkono katikati, kunusa, kupasua punje mbili tatu, kisha nimwambie mwenye mali ukweli: mzee, hizi bado mbichi, zirudishe juani. Akinuna, namwonyesha punje. Anauona ukungu kwa macho yake, ananitukana kidogo, anabeba gunia lake anaondoka. Hakuna anayekesha akijiuliza kosa lake nini.

Sasa chuo kimoja cha Uingereza kimenimwaga mimi kwenye turubai miezi minane, halafu kikanirudisha nyumbani bila kunionyesha punje hata moja.

Nilianza Novemba, naomba shahada ya uzamili ya uchumi wa kilimo, na ufadhili juu yake. Fomu ikataka nieleze kwa maneno mia tano kwa nini nataka kusoma. Mjomba akaiangalia juu juu. "Mpwa wangu, kwani ile mara ya kwanza ulisoma bila kujua kwa nini?" Sikumjibu. Lakini ile mara ya kwanza nilipelekwa tu.

Ukaja mtihani wa Kiingereza. Mimi huyu, niliyefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza! Hata Vita vya Maji Maji, vilivyoanzia hapo jirani Umatumbini mwaka 1905, nilivisoma kwa Kiingereza. Haidhuru. Nikapanda basi la alfajiri, kilomita mia tano na ushee hadi Dar, nikalipa hela inayokaribia magunia manne ya korosho, nikathibitisha kwamba nasikia.

Barua ya mapendekezo usiniulize. Mhadhiri wangu alisema, "Nikumbushe Jumatatu." Nikamkumbusha Jumatatu sita. Ya saba akaniuliza mimi ni nani.

Basi, pamoja na hayo yote, wakaniita kwenye usaili wa video, tarehe 13 Mei 2024, saa nane mchana. Anayeukumbuka mwezi ule ameshaanza kucheka. Tarehe 4 kilikuja kimbunga Hidaya, na mafuriko yakaikata barabara ya Dar pale Somanga. Nikawacheka waliokwama, mimi safari yangu ni ya intaneti. Tarehe 12 mikongo ya intaneti ya baharini ikakatika huko chini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, EASSy na Seacom kwa mpigo, nchi nzima ikabaki inaangalia kiduara kinachozunguka.

Nikabeba laptopu na shati la kuazima, nikapanda kilima cha Mikindani, kana kwamba mkongo ulio chini ya bahari unatafutwa juu ya mlima. Jasho linatiririka, mbuzi wa watu ananitazama. Saa nane na robo zikatokea nyuso tatu, zinaganda na kuganduka.

Mama wa katikati akauliza udhaifu wangu ni upi. Swali hilo nilikuwa nalisubiri! Jibu nimelikariri siku tatu: udhaifu wangu ni kwamba siwezi kulala kabla kazi haijaisha. Nikakaa sawa, nikafungua kifua: "Udhaifu wangu ni kwamba siwezi..."

Mtandao ukaenda zake.

Uliporudi, dakika nne baadaye, yule mama alikuwa anaandika. Akanishukuru kwa kuwa mkweli, akaingia swali lingine.

Jibu likaja Juni. Barua nzuri, sikufichi. Wanasikitika kunijulisha, wamepokea maombi mengi yenye ubora wa hali ya juu, wananitakia kila la heri katika safari yangu. Safari ipi? Ndiyo hiyo waliyoikatisha! Nikawaandikia kuuliza nilipungukiwa wapi, wakajibu kwamba kutokana na wingi wa waombaji hawawezi kutoa sababu. Mama hakusema neno, alinitengea ming'oko ya moto, vile viazi vya porini vya kwetu, nikala mpaka giza likaingia.

Oktoba msimu ukafunguliwa. Mzee mmoja akaleta gunia, kutia mkono tu nikajua limenyeshewa. Sijui shetani gani alinipitia. Nikamwambia, "Mzee wangu, tunasikitika kukujulisha kwamba mwaka huu tumepokea magunia mengi yenye ubora wa hali ya juu. Tunalitakia gunia lako kila la heri."

Mzee akanitazama, akamtazama mpimaji wa mizani, akanirudia mimi.

"Kijana, unapokea au hupokei?"

"Sipokei."

"Haya, nionyeshe punje."