Ukimya ninaoulipia

Leo saa 10 na nusu alfajiri kuna ndege kaja kutua kwenye tawi la dirishani kwangu akaanza. Sio kuimba, kuimba tunakujua, huyu alikuwa anatangaza. Usingizi si umeshaondoka, nikasoma kwenye simu, kumbe ni dume, anawajulisha madume wenzake kwamba eneo hili lina mwenyewe, na papo hapo anatafuta mchumba. Sasa ndugu yangu, mgogoro wako wa ardhi na uchumba wako mimi naingiaje? Kodi nalipa mimi!

Kosa langu lakini. Si mimi niliyesema nimechoka na mjini, nataka pembeni, penye miti, penye utulivu, tena nikasema kwa sauti ya mtu mzima mwenye maamuzi yake. Dalali akanipokea kama bwana harusi. Tumefika Jumapili saa 8 mchana, na hapo ndo ningeshtuka maana Jumapili saa 8 mchana hata stendi inasinzia. Jamaa akasimama katikati ya ua akainua kidole: "Bosi, hebu sikiliza." Nikasikiliza. "Unasikia nini?" Sisikii kitu. Akatabasamu. "Sasa hicho ndo unacholipia."

Wallahi nikaona nimekutana na mwenye hekima. Nikafunga mikono nyuma nikaanza kuzunguka uani kama balozi mstaafu, nauliza maswali ya kisomi, upepo hapa unatoka upande gani? Dalali hajui upepo unatoka wapi ila mkono alinyoosha hapohapo bila kusita. Na barabara kubwa je? Iko mbali bosi, halafu hii miti yote inakula kelele. Miti sita. Nimekuja kujua baadae kwamba kupunguza kelele kunataka ukanda wa miti mizito wa makumi ya mita, hii sita inakuficha tu usilione lori, kulisikia utalisikia. Na usiku ndo vizuri zaidi, ardhi ikipoa hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, basi sauti badala ya kwenda zake angani inapinda inarudi chini, inakuja kwangu. Dereva yuko hukoo, gia anazobadili nazihesabu mimi kitandani.

Ng'ambo ya njia, kivulini, kalala mbwa. Na huyu? "Huyu mpole, kazeeka." Hajazeeka! Alikuwa anapumzika, ana zamu ya usiku. Na akianza yeye wanaitikia wa mtaa mzima, mmoja mmoja, kama mahudhurio ya shule.

Mjini mbali? "Dakika ishirini." Dakika za dalali hizo, anazipima akiwa kwenye simu. Kuna mtaalamu wa Italia, Marchetti, mwaka 1994 aliandika kwamba binadamu toka zamani, awe wa miguu awe wa treni, safari zake za siku zinakuja kama saa 1 hivi jumla. Mimi saa yangu inaisha nikiwa sijaona ghorofa hata moja, kwa hiyo za jioni nadhani natumia saa za mtu mwingine.

Intaneti tuiache. Nyenje nao tuwaache, ila joto likipanda na wao wanaongeza spidi.

Majani sasa. Kivuli sikatai, ndani kunapoa kweli, lakini hakuna aliyenambia kwamba jani linadondoka kila siku na gata ni langu. Nimeazima ngazi kwa jirani, mzee mstaarabu sana, kila akiniona juu ananiuliza, "Unazibua?" Leo nimechoka nikamjibu hapana mzee, natafuta mtandao. Akaniambia ukiupata niite. Hajaondoka bado, yuko hapo chini kaishika ngazi kwa mikono miwili, sijui ananishikia nisianguke au anaidai ngazi yake.