Video inanong'ona? Usikisingizie kivinjari

Video ile ile, kompyuta ile ile, spika zile zile. Kwenye Chrome inanguruma, kwenye Firefox unaisikia kwa shida. Wengi hukata shauri papo hapo: Firefox mbovu, iondolewe. Kwa maoni yangu kivinjari kinafaa kushukiwa mwisho kabisa. Kazi yake ni kufungua faili la sauti na kuikabidhi Windows, na njiani kuna vidhibiti kadhaa ambavyo kila kivinjari kina vyake.

Kimoja kiko kwenye video yenyewe. YouTube huhifadhi kiwango cha sauti ndani ya kila kivinjari peke yake. Ukiishusha hadi robo kwenye Edge, Edge itaendelea na robo hiyo, na Chrome haina habari. Kingine kiko Windows: bofya kulia alama ya spika chini ya skrini, chagua "Open volume mixer", huku video inacheza kwenye vivinjari vyote viwili. Kila programu ina kitelezi chake, na Windows huikumbuka namba hiyo hata baada ya kuzima mashine. Ukikuta Firefox iko 30 na Chrome iko 100, kesi imekwisha. Kwenye Windows 11 angalia pia sauti inatokea wapi, maana programu moja inaweza kuwa inaipeleka kwenye monita ya HDMI isiyo na spika. Na kama Chrome ni bubu kwa tovuti moja tu, bofya kulia kichupo chake uone kama imenyamazishwa: ukinyamazisha hapo, Chrome hunyamazisha tovuti nzima, ilhali Firefox hunyamazisha kichupo kile tu.

Sasa linganisha kwa haki. Bofya kulia juu ya video ya YouTube, chagua "Stats for nerds", usome mstari wa "Volume / Normalized". Ukiona 100% / 60% na "content loudness" ya 4.4dB, maana yake video imerekodiwa kwa sauti kubwa kupita kipimo cha YouTube kwa desibeli (dB, kipimo cha ukubwa wa sauti) 4.4, nayo imeshushwa. Ikisomeka hasi, mathalani -7dB, imerekodiwa chini, na upunguzaji huo haupandishi kitu. Hapo mlaumu aliyerekodi. Kuna pia "Stable volume" kwenye mipangilio ya video, inayopunguza pengo kati ya mnong'ono na kelele. Ikiwa imewashwa upande mmoja na kuzimwa upande mwingine, sikio litajua mara moja.

Mstari wa "Codecs", yaani namna sauti ilivyobanwa, ndio wapenda ubishi huukimbilia: huyu anapata opus (251), yule mp4a.40.2 (140). Ni kweli, hayo ni mafaili mawili tofauti. Lakini kwa spika za kompyuta mpakato sidhani kama utayatofautisha. Kinachodanganya ni kwamba sauti iliyo juu kidogo husikika kama iliyo bora. Sawazisha viwango kwanza, ndipo uzungumzie ubora.

Bluetooth ina mkasa wake. Vipokea sauti vyenye maikrofoni vina hali mbili: ya muziki, yenye stereo, na ya simu, ambayo kwa vifaa vingi ni mono (chaneli moja tu) ya sampuli, yaani vipimo vya sauti, 8,000 au 16,000 kwa sekunde. Kichupo kimoja cha mkutano kilichosahauliwa wazi kinatosha kushikilia maikrofoni na kufanya muziki usikike kama unatoka ndani ya debe. Ukikifunga kivinjari chenye mkutano na kufungua kingine, sauti inarudi, na kivinjari cha kwanza kinabeba lawama bure. Zaidi ya hayo, Windows ikihisi simu inaendelea, hupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 isipokuwa umeizuia. Bonyeza Windows+R, andika mmsys.cpl, nenda "Communications", chagua "Do nothing".

Muziki unasikika lakini maneno hayasikiki? Kwenye dirisha hilo hilo la mmsys.cpl, sehemu ya "Playback", teua spika, bonyeza "Configure", uchague Stereo. Mashine iliyowekwa 5.1, yaani mpangilio wa spika sita, hupeleka maneno kwenye spika ya katikati ambayo huna.

Viendelezi vya kuongeza sauti, zile programu ndogo zinazopachikwa kwenye kivinjari, ningevifuta vyote. Vinasukuma wimbi kupita kikomo, vilele vinakatwa, sauti inakwaruza. Na vingi huomba ruhusa ya kusoma kila tovuti unayofungua. Jaribu video kwenye Hali Fiche, Ctrl+Shift+N kwa Chrome au Ctrl+Shift+P kwa Firefox, ambako viendelezi kwa kawaida havifanyi kazi.

Wenye iPhone huku kwetu wasihangaike kubadilisha vivinjari: Chrome na Firefox za iPhone zinatumia injini ile ile ya Safari, kivinjari cha Apple. Wa Linux wafungue programu ya kudhibiti sauti ya pavucontrol, sehemu ya "Playback", huku video inacheza. Kitelezi kilichoshuka kitaonekana.

Yote hayo yakiwa sawa na tofauti bado ipo, andika about:support kwenye Firefox na chrome://media-internals kwenye Chrome, ulinganishe kifaa cha sauti, idadi ya chaneli na kasi ya sampuli.