Chungwa lilipokuwa Hapana: faida na mipaka ya semiotiki

Tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya walipiga kura ya maoni kuhusu rasimu ya katiba. Kwa kuwa si kila mpiga kura alijua kusoma, Tume ya Uchaguzi ilitumia matunda kwenye karatasi ya kura: ndizi kwa Ndiyo, chungwa kwa Hapana. Hapana ikashinda kwa takriban asilimia 58. Ninapofundisha semiotiki, yaani taaluma ya ishara na namna zinavyobeba maana, huanzia hapo. Chungwa kila mwanafunzi analijua, na ndani ya chungwa hamna ukataaji wowote.

Ferdinand de Saussure, Mswisi ambaye mihadhara yake ilikusanywa kutoka madaftari ya wanafunzi na kuchapishwa mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kufa kwake, alifundisha kwamba kiashiria, yaani umbo la ishara, na kiashiriwa, yaani dhana inayobebwa na umbo hilo, havina undugu wa asili. Ishara hupata thamani kwa kutofautiana na jirani yake. Chungwa lilimaanisha Hapana kwa sababu halikuwa ndizi, basi. Lau Tume ingeyabadilisha matunda hayo, rasimu ya katiba isingebadilika hata herufi moja.

Lakini ishara ikishatiwa mikononi mwa watu haikai ilipowekwa. Kura ilipopita, chungwa halikurudi sokoni kuwa tunda tu. Lilizaa jina la chama, Orange Democratic Movement, ambacho Raila Odinga alikitumia kugombea urais mwaka 2007, na hadi leo ukisema "chungwa" kwenye mazungumzo ya siasa Kenya unataja watu na historia yao. Kilichoanza kama alama ya kubahatisha kikawa utambulisho. Sifahamu taaluma nyingine inayokuonyesha safari hiyo waziwazi kama semiotiki, na ndiyo sababu ya kwanza ya kuitetea.

Sasa tazama kura ya maoni ya mwaka 2010. Safari hii zilitumika rangi: kijani kwa Ndiyo, nyekundu kwa Hapana. Tofauti na matunda, rangi hizi zilifika zikiwa tayari zimebeba maana, maana kila dereva anajua kijani humwambia nini na nyekundu humwambia nini. Ndiyo ikapata takriban asilimia 67. Hapo mchambuzi hushawishika kusema nyekundu ndiyo iliyoiangusha Hapana. Akisema hivyo ameacha uchambuzi ameingia kwenye ramli. Nyekundu hiyohiyo imo katika bendera ya Kenya, na pale ni damu iliyomwagika kupigania uhuru. Semiotiki inaweza kukuonyesha maana zilizokuwepo mezani. Mpiga kura alichukua ipi, na kama aliijali rangi hata kidogo, ni swali la kwenda kumuuliza mwenyewe.

Wanaoilaumu taaluma hii wanashika hapohapo, na wana haki. Nimesahihisha kazi nyingi ambamo nyekundu ni hatari, nyeusi ni huzuni, nyeupe ni usafi, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kana kwamba kuna kamusi ya rangi iliyoshuka kutoka mbinguni. Mwandishi wa kazi kama hiyo pengine amekulia nyumba ambayo bi harusi hupewa kisutu, leso yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe pamoja, na hakuna aliyewahi kuiona ikaaga maiti wala kuonya hatari. Lawama ya pili ni nzito zaidi: kama kila kitu kinaweza kumaanisha chochote, mchambuzi hakosei kamwe, na asiyeweza kukosea hajathibitisha kitu.

Hata mabingwa wameteleza. Mwaka 1955 Roland Barthes, Mfaransa, alikuwa kwa kinyozi alipopewa nakala ya gazeti la Paris Match. Jaladani kulikuwa na kijana mweusi aliyevaa sare ya jeshi la Ufaransa, akipiga saluti, macho yameinuliwa. Barthes akaisoma picha kwa hatua mbili. Ya kwanza: kijana anapiga saluti. Ya pili, iliyopandishwa juu ya ile ya kwanza: Ufaransa ni dola kubwa, wana wake wote wa rangi zote wanaitumikia kwa moyo, kwa hiyo wanaoulaumu ukoloni hawana hoja. Vita vya Algeria vilikuwa vimeanza Novemba 1954, na picha tulivu kama ile ilikuwa na kazi ya kufanya. Usomaji huo ni wa kijasiri na bado unafundisha. Nikiwa na saa moja tu ya kumfunza mtu kutilia shaka picha nzuri, nitaitumia kwa mfano huo.

Ila rudi kwenye jalada lenyewe. Barthes anasema macho ya kijana pengine yanatazama bendera. Bendera haimo pichani. Na jaladani palepale pameandikwa kwamba huyo ni Diouf mdogo, ametoka Ouagadougou na wenzake kufungua maonyesho ya jeshi mjini Paris. Mtoto ana jina, ana mji, ana safari. Uchambuzi uliokuja kumtetea dhidi ya dola umemwacha bila jina, amebaki kiashiria. Jambo hilo linaniuma kila ninapolisoma, na sidhani ni kosa la bahati mbaya. Chombo kinachotafuta mfumo hupitwa kirahisi na mtu.

Dawa yake imo ndani ya taaluma hiyohiyo. Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Birmingham, aliandika mwaka 1973 kwamba maana aliyoifunga mtangazaji si lazima iwe ndiyo anayoifungua mtazamaji: mmoja huipokea nzima, mwingine hujadiliana nayo, wa tatu huipinga. Ukikubali hilo, huwezi tena kumaliza uchambuzi ukiwa umekaa na matini peke yako.

Mwanafunzi wangu mmoja alileta darasani leso ya shangazi yake yenye jina "Mdhaniaye ndiye siye". Sentensi ile haimtaji mtu. Haina maana kamili mpaka ivaliwe na mtu fulani, mahali fulani, mbele ya watu fulani, na jina lenyewe hukaa kiunoni kwa nyuma, aliyeivaa asilione na anayemfuata alisome. Tuliujaza ubao: mke mwenza, mpenzi wa siri, jirani mwenye wivu. Kisha nikamwambia binti ampigie shangazi, aweke sauti tusikie sote.

"Shikamoo shangazi. Ile leso uliinunulia ujumbe gani?"

"Marahaba mwanangu. Ujumbe gani tena? Ilikuwa sare ya harusi, tuliichagua kwa rangi."

Darasa likacheka, na baadhi wakaanza kuufuta ubao. Shangazi akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Lakini siku ile nilijua nani atakaa nyuma yangu."