Kabla hujampa Bibi kidonge cha kumtuliza

Bibi yangu, kule Bwiru, Mwanza, alikuwa na dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na kuvuruga fikra. Alikuwa anatenga sahani mbili. Moja yake, nyingine ya Babu ambaye tulishamzika. Anachambua miiba ya sato, anasogeza minofu upande wa Babu, anamhimiza ale kabla haijapoa. Wajukuu tulishazoea. Kilichotushinda ni usiku alipoanza kupiga mayowe kwamba chumba kimejaa watu wanaotaka kumchukua, akamchapa shangazi kwa mkongojo.

Zahanati haikutuuliza mengi. Tukapewa haloperidoli, dawa ya wanaoona au kusikia yasiyokuwepo, ameze kila usiku. Mpaka lini? Hatukuambiwa, wala hatukuuliza. Mayowe yaliisha kweli. Lakini wiki mbili baadaye Bibi alikuwa amekakamaa kama gogo, mate yanamchuruzika, uji unampalia. Akaanguka akienda msalani. Waliokuja kumjulia hali walisema ametulia. Nilikuwa namlisha kwa kijiko. Hakuwa ametulia, alikuwa amezimwa.

Daktari mwingine ndiye aliyempima mkojo: UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Akaitibu, akaiondoa haloperidoli. Mayowe hayakurudi. Mzee mwenye dimenshia akibadilika ghafla ndani ya siku mbili tatu, tafuta kwanza kinachomsumbua mwilini: UTI, malaria, nimonia, choo kigumu, upungufu wa maji, maumivu asiyoweza kuyataja.

Dawa za jamii ya haloperidoli si za kumeza kama panado. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani iliziwekea zile mpya onyo lake zito kabisa kuhusu wazee wenye dimenshia, na 2008 ikaongeza za zamani, haloperidoli ikiwemo. Katika majaribio, hasa ya zile mpya, ya wiki kama 10, walifariki asilimia 4.5 ya waliomeza dawa na asilimia 2.6 ya waliopewa kidonge kitupu. Wengi kwa moyo au maambukizi kama nimonia. Na wenye dimenshia ya Lewy, aina ambayo mgonjwa huona waziwazi watu na wanyama wasiokuwepo, haloperidoli inaweza kuwaumiza vibaya mno.

Yupo mzee ambaye hofu inamtesa mchana na usiku, au anahatarisha wenzake, na njia nyingine zimeshindikana. Huyo apewe, dozi ndogo, kwa tarehe ya kuanza na ya kupimwa upya. Uingereza risperidoni, mojawapo ya zile mpya, imeidhinishwa kwa ukali sugu wa wagonjwa wa Alzheimer's, aina mojawapo ya dimenshia, kwa muda usiozidi wiki 6.

Shangazi simlaumu. Huku Usukumani vikongwe wameuawa kwa macho mekundu tu, macho ya moshi wa jikoni, wakaitwa wachawi. Bibi anayeongea na marehemu usiku, ukuta kwa ukuta na majirani! Shangazi alitaka anyamaze ili abaki hai. Hilo kidonge hakilitibu. Ilibidi tupite nyumba kwa nyumba, tukieleza kwamba ni ugonjwa wa ubongo. Mama wa nyumba ya pili alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema baba yake naye alikuwa hivyohivyo, na wao walimfungia ndani.